Mvumo wa kompyuta kwenye risiva: kisa cha sebule moja ya Ngamiani

Mwalimu mmoja mstaafu wa Ngamiani, Tanga, alikuwa amemaliza kuhamisha kanda zake za taarab kwenye kompyuta. Kuna za Black Star na Lucky Star za hapahapa Tanga, kuna za Unguja na Mombasa, na kuna alizozirekodi mwenyewe redioni, kidole juu ya kitufe akisubiri mtangazaji anyamaze. Alichotaka baada ya hapo ni kuzisikiliza kwenye spika zake kubwa, kupitia risiva (redio yenye kikuza sauti) ya stereo ya zamani ambayo kaka yake alimletea kutoka Muscat. Akanunua waya wenye jeki ndogo upande mmoja na pini mbili za RCA upande mwingine, wa mita 5 kwa sababu meza ya kompyuta iko ukuta wa pili, akachomeka. Muziki ukatoka. Chini yake ukatoka na mvumo mzito, mfululizo, uleule wimbo ukipigwa au usipigwe.

Mvumo wa namna hii unaiumiza taarab kuliko muziki mwingine mwingi. Nyimbo za Tanga zenye gita na besi zinaweza kuufunika kidogo. Za Unguja haziwezi: ganuni inaanza peke yake, fidla zinaingia kwa mbali, mwimbaji bado hajasema neno, na katikati ya utulivu ule unasikia umeme wa nyumba.

Nilipoitwa, Mwalimu alikuwa ameshatumia pesa. Dukani walimshauri anunue waya mwingine, mnene, wenye pini za rangi ya dhahabu, haukubadilisha kitu. Fundi mmoja akamwambia kapasita za risiva, vile vipande vinavyotunza na kulainisha umeme, zimechoka, zibadilishwe zote. Mwingine akamwambia akate ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, kwenye plagi ya kompyuta. Huyu wa mwisho ndiye aliyenitia wasiwasi, kwa sababu ushauri wake ungefanya kazi. Mvumo ungepotea siku hiyohiyo, na nyumba ingebaki na hatari isiyosikika na mtu yeyote.

Baada ya shikamoo na kikombe cha kahawa nilimuuliza maswali kabla ya kugusa chochote.

"Mwalimu, ukigeuza kwenye FM inavuma?"

"FM safi kabisa, fundi. Hata ukiongeza sauti."

"Na sauti ya TV?"

"TV inavuma, lakini kwa mbali. Na zamani haikuwa hivyo. Imeanza tangu nilete hii kompyuta."

Majibu hayo mawili yalibeba karibu kila nilichohitaji. FM ikiwa safi, basi kikuza sauti ni kizima na kapasita za risiva hazina kosa. Kapasita za ugavi wa umeme zikichoka, mvumo unakuwepo kwenye kila chanzo, na mara nyingi unabaki palepale hata ukishusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Tena unakuwa wa 100 Hz, kwa sababu umeme wetu ni wa 50 Hz (duru 50 kwa sekunde) na mzunguko wa dayodi unaugeuza kuwa mapigo mara mbili kwa kila duru. Hapa kitufe kikishushwa, kimya. Kwa hiyo mvumo ulikuwa unaingia kabla ya kitufe, kwenye waya za kuingizia sauti. Yule aliyetaka kubadilisha kapasita angefanya kazi ya siku nzima, angelipwa, na mvumo ungemkuta palepale.

Jibu la pili ndilo tamu zaidi. Kompyuta imechomekwa kwenye AUX. TV inaingia kwa waya mwingine kabisa, kwenye tundu la TAPE. Iweje waya wa kwanza uuchafue wa pili? Haiwezekani ikiwa kompyuta "inatoa" mvumo. Inawezekana ikiwa kuna mkondo wa umeme unaopita kwenye waya zote mbili, unaingia kwa mmoja na kutoka kwa mwingine, na risiva imekaa katikati kama kituo cha njiani.

Nikageuza risiva nione mgongo wake. Hapo huwa naangalia kwanza kama mtu hajachomeka kompyuta kwenye PHONO, tundu la santuri. Tundu hilo limeundwa kwa ajili ya sindano inayotoa milivolti chache tu, na linainua 50 Hz kwa karibu desibeli 17 zaidi ya 1000 Hz, hivyo chembe yoyote ya mvumo inageuka ngurumo. Mwalimu hakuwa na kosa hilo. Waya za nyumba zilikuwa hivi: kompyuta ya mezani, yenye mnara wa chuma na plagi ya pini tatu. Risiva ina plagi ya pini mbili, imeingizwa kwenye ekstensheni kwa ule mtindo wa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili vizuizi vifunguke. King'amuzi na TV navyo ni vya pini mbili. Sauti ya king'amuzi inakuja kwenye risiva kwa waya mfupi wa RCA, kama mita moja, maana Mwalimu hakubali kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwa spika za TV. Nyuma ya king'amuzi kuna waya wa dishi unaopanda hadi nje, ambako dishi limefungwa kwenye bomba la chuma lililochimbiwa ardhini pembeni ya ukuta.

Bomba hilo ndilo lililofunga hesabu.

Fuata njia kwa kidole. Ardhini kuna fimbo ya ethi ya nyumba. Kutoka hapo waya wa kijani na njano unakuja kwenye soketi, unaingia kwenye pini ya tatu ya plagi ya kompyuta, unafika kwenye mnara wa chuma. Pete ya nje ya tundu la sauti imeungana na mnara huo. Kutoka kwenye pete, wavu wa nje (nyuzi za chuma zinazoufunika waya wa ndani) wa ule waya wa mita 5 unakwenda hadi kwenye kasha la risiva. Kutoka kwenye kasha, wavu wa waya mfupi wa RCA unakwenda hadi kwenye king'amuzi. Kutoka kwenye king'amuzi, wavu wa waya wa dishi unakwenda hadi kwenye bomba. Bomba liko ardhini. Umetoka ardhini na umerudi ardhini, na hukukutana na swichi wala kizuizi chochote. Hicho ndicho kitanzi cha ethi.

Ardhi ya hapa na ardhi ya pale haziko sawa kiumeme. Mikondo midogo inayovuja kutoka kwenye mafriji, pampu na chaja za nyumba nzima, pengine na za majirani, inapita ardhini na kuacha tofauti ya volti kati ya fimbo na bomba. Nilifungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, nikaweka mita kwenye kipimo cha AC, ncha moja kwenye kichwa cha ule waya, nyingine kwenye kasha la risiva. Ilisoma volti moja na ushei.

Volti moja inaonekana kama kitu kidogo. Tuseme ilikuwa volti 1.4, na ukinzani wa njia yote, fimbo na udongo na bomba, ni omu 100. Mkondo unaozunguka basi ni kama miliampea 14. Waya mwembamba wa mita 5 unaweza kuwa na nusu omu kwenye wavu wake wa nje. Miliampea 14 zikipita kwenye nusu omu zinaacha milivolti 7 kati ya ncha moja ya wavu na nyingine. Sauti ya kawaida ya vifaa vya nyumbani kwenye waya wa RCA ni kama milivolti 300. Kwa hiyo mvumo ni mdogo mara 40 na kitu tu kuliko muziki, wakati sikio linaweza kusikia kitu kidogo mara elfu chumba kikiwa kimya. Wavu ule una kazi mbili kwa wakati mmoja: ni kinga, na ni njia ya kurudia ya sauti. Risiva haina namna ya kujua kwamba milivolti 7 hizo hazikutoka kwenye wimbo. Inazikuza pamoja na wimbo.

Na waya wa TV je? Mkondo ni uleule, lakini waya ni wa mita moja, wavu wake una ukinzani mdogo zaidi, kwa hiyo mvumo ni mdogo zaidi. Ndiyo "kwa mbali" ya Mwalimu. Sikio lake lilikuwa limeshapima urefu wa waya.

Kuna jaribio moja ambalo ningependa kila mwenye tatizo hili alifanye, kwa sababu linafundisha kuliko maelezo. Nilizima kompyuta, kisha nikazima na swichi ya soketi ukutani. Mvumo ukapungua kidogo, lakini haukuondoka. Mjukuu aliyekuwa anaangalia alishtuka: kompyuta imezimwa kabisa, inavumaje? Swichi ya soketi inakata waya wa moto. Ethi haikatwi na swichi yoyote, na haitakiwi kukatwa. Kompyuta iliyozimwa bado ni kipande cha chuma kilichounganishwa ardhini. Kisha nikachomoa plagi yenyewe kutoka ukutani. Kimya. Mwalimu akasogeza kiti mbele.

"Kwa hiyo yule kijana alisema kweli," akasema. "Tatizo ni ethi."

Hapa nilikaa naye kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi, na hapa pia nataka msomaji akae. Kweli, ukiikata ethi ya kompyuta, au ukiichomeka kwa adapta ya pini mbili, kitanzi kinakatika na mvumo unakwisha. Sasa angalia kinachobaki. Ndani ya ugavi wa umeme wa kompyuta kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele, moja kutoka waya wa moto hadi kwenye kasha, nyingine kutoka nyutro hadi kwenye kasha. Ethi ikiwepo, mkondo wao mdogo unaenda ardhini. Ethi ikikatwa, kasha linaning'inia katikati, karibu nusu ya volti 230. Mkondo wenyewe uko chini ya miliampea moja, unatekenya vidole tu. Hilo ni upande wa nyumba iliyo nzima.

Siku insulesheni ikiharibika ndani ya ugavi ule, kwa joto, kwa mende, kwa unyevu wa bahari, waya wa moto unagusa kasha. Ethi ikiwepo, mkondo unakimbilia ardhini, na breka ya kuzuia uvujaji, ile ya miliampea 30, inakata. Ethi isipokuwepo, njia pekee ya ardhini inayobaki ni wavu mwembamba wa RCA, risiva, king'amuzi na dishi. Waya wa dishi ukichomoka, breka haioni kitu, maana hakuna mkondo unaotoka nje ya njia. Kasha linakaa na volti 230. Na kwa kuwa kuna waya wa sauti, volti hizo zinafika hadi kwenye risiva na king'amuzi. Kila chuma njiani kinakuwa hai. Sebule ile ina sakafu ya saruji, na Tanga viatu vinabaki mlangoni. Bibi anapangusa vumbi kwenye risiva kwa kitambaa kibichi. Breka itakata wakati huo, ikiwa ni nzima, lakini itakata kwa sababu mkondo umeshapita kwenye mwili wa mtu.

Mwalimu alinyamaza, kisha akamwambia mjukuu alete ile adapta ya pini mbili iliyokuwa imeshanunuliwa, akanikabidhi niondoke nayo.

Kukata kitanzi kunatakiwa kufanyike kwenye njia ya sauti. Ethi inabaki ilivyo.

Mahali pa kukata ni pengi, na si kila mahali panafaa. Kuhamisha plagi zote kwenye ekstensheni moja ni dawa nzuri pale ambapo vifaa viwili vya pini tatu vimechomekwa kwenye soketi za vyumba tofauti. Ni bure, na huwa nalijaribu kwanza. Hapa halikuweza kusaidia, kwa sababu mguu wa pili wa kitanzi haukuwa kwenye soketi, ulikuwa kwenye bomba la dishi. Kukata kwenye waya wa antena kwa kile kitenganishi kidogo cha kapasita ni dawa ya antena ya kawaida ya TV au ya FM. Kwenye dishi kinazima picha, maana waya ule unapandisha umeme wa volti 13 au 18 kwenda kwenye kichwa cha dishi, pamoja na ishara ya 22 kHz ya kuchagulia masafa. Kapasita inapitisha picha na kuzuia umeme huo, kichwa kinakufa, TV inaandika hakuna mawimbi. Nimekuta watu wakilaumu dishi kwa kosa hili.

Mjukuu alipendekeza bluetooth. Ni wazo zuri: kati ya kompyuta na risiva kunabaki hewa tupu, hakuna wavu wa kupitisha mkondo. Mwalimu hakuipenda kwa sababu sauti inabanwa njiani, na mtu aliyehangaika na kanda muda wote huo ana haki ya kutotaka zibanwe tena. Lakini atakayeichagua aangalie jambo moja. Kile kipokezi kidogo cha bluetooth kinahitaji umeme, na watu wengi wanakichomeka kwenye tundu la USB la kompyuta kwa sababu liko karibu. Wavu wa USB umeungana na kasha la kompyuta. Kitanzi kinarudi chote, kupitia mlango wa nyuma. Kipewe chaja yake yenyewe ya pini mbili.

Njia iliyo safi kuliko zote, kama kompyuta ina tundu la sauti la mwanga, ni waya wa TOSLINK, ule Toshiba waliouleta mwaka 1983. Ni uzi wa plastiki unaopitisha mwanga mwekundu, na plastiki haipitishi umeme. Mwanga unaingia kwenye kisanduku cha kugeuza dijitali kuwa sauti, chenye adapta yake ya pini mbili, na kisanduku kinaingia kwenye AUX. Kompyuta ya Mwalimu haikuwa na tundu hilo. Angehitaji kifaa cha kutoa mwanga kutoka USB na kisanduku cha kugeuza, na pesa ya waya wa dhahabu ilikuwa imeshakwenda.

Tukabaki na transfoma ya sauti. Ni koili mbili kwenye kiini kimoja cha chuma, zenye mizunguko sawa. Sauti inaingia koili ya kwanza, inavuka kwa usumaku, inatoka koili ya pili, na kati ya koili hizo hakuna waya unaogusana. Mkondo wa kitanzi unafika pale na kukosa pa kupita. Madukani vinauzwa visanduku vidogo vya kutenganishia, vingi ni vile vya redio za magari, na bei yake si kubwa. Mwalimu alikuwa radhi kuanza nacho hicho.

Kabla hujakilipia kisanduku cha aina hii, kipime palepale dukani. Weka mita kwenye kipimo cha mlio, gusa pete ya nje ya pini ya kuingilia na pete ya nje ya pini ya kutokea. Mita ikilia, ndani wameunganisha wavu wa pande zote mbili na kisanduku hakitenganishi chochote. Vipo, na vinaonekana vizuri kabisa kwa nje.

Cha kwanza tulichokifunga kilipita jaribio hilo, na mvumo ulikufa. Lakini Mwalimu aliweka wimbo wa Tanga wenye besi nzito, akasikiliza ubeti mmoja, akatikisa kichwa. Besi ilikuwa imekonda na kukwaruza. Alikuwa sahihi. Kiini cha transfoma kina kikomo cha usumaku kinachoweza kubeba, na kadiri sauti inavyokuwa ya chini ndivyo volti ileile inavyodai usumaku mwingi zaidi. Volti inayopita bila shida kwenye 1000 Hz inadai usumaku mara 20 kwenye 50 Hz. Kiini kidogo kama punje ya maharage kinajaa, na kikijaa kinakata mawimbi ya besi. Kwa sauti ya gari barabarani pengine hakuna anayejali. Tukakibadilisha kwa transfoma kubwa zaidi, ya kiini cha aloi ya nikeli, iliyotengenezwa kwa ajili ya waya za sauti zenye ukinzani wa omu elfu kumi. Besi ikarudi mahali pake.

Kisha mvumo ukarudi, mwembamba, na kwa dakika chache sebule nzima ilikata tamaa. Sababu ilionekana kwa macho: mjukuu alikuwa ameiweka transfoma juu ya risiva, upande wa kulia, mahali penye nafasi. Chini ya pale, ndani ya risiva, ndipo ilipokaa transfoma kubwa ya umeme, na usumaku wake unavuja kupitia bati. Transfoma ya sauti iko tayari kupokea usumaku wowote unaoikuta. Niliishika mkononi, mvumo ukiwa unasikika, nikaizungusha taratibu. Kwenye pembe moja ulipanda, robo duara baadaye karibu ukapotea. Nikaisogeza umbali wa dhiraa kutoka kwenye risiva, nyuma ya rafu, ukapotea wote. Tukaifunga pale kwa mkanda. Waya mrefu wa mita 5 unatoka kwenye kompyuta hadi kwenye transfoma, na waya mfupi unamalizia hadi kwenye risiva. Mpangilio huo ni wa makusudi: transfoma za aina hii hazipendi waya mrefu upande wa kutokea, zinapoteza sauti za juu.

Kabla ya transfoma kufungwa, wakati waya wa dishi ulipokuwa umefunguliwa, nilisikia kitu kingine kinachostahili kutajwa. Mvumo mzito ulikuwa umekwisha, ukabaki mlio mkavu kwa mbali, kama zzz. Nilipochomoa TV ukutani ukapungua, nilipochomoa na adapta ya king'amuzi ukatoweka. Vifaa vya pini mbili havina ethi, lakini ugavi wao wa umeme una kapasita ndogo inayovusha mkondo kidogo kutoka upande wa umeme mkubwa. Mkondo huo ulikuwa unatafuta ardhi, na ardhi ya karibu ilikuwa kompyuta, kupitia waya wetu wa mita 5. Mtu akiondoa dishi na kusikia mlio huu anaweza kudhani amekosea utambuzi. Hajakosea, ni mkondo wa pili kwenye njia ileile, na transfoma inaukata pamoja na wa kwanza.

Mwenye kompyuta mpakato ana jaribio rahisi zaidi: achomoe chaja, aiache iende kwa betri. Mvumo ukikatika papo hapo, chaja ndiyo iliyokuwa mguu mmoja wa kitanzi. Na akisikia mluzi unaobadilika anaposogeza mausi au ukurasa unaposhuka kwenye skrini, hizo ni kelele za ndani ya kompyuta zinazosafiri kwenye wavu uleule. Dawa ni hiyohiyo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya vitufe. Mwalimu alikuwa anaweka sauti ya kompyuta kwenye robo na kufungua risiva hadi karibu na mwisho. Hivyo risiva inakuza muziki mdogo pamoja na mchemko wote wa njiani, ile sauti ya shhh. Tulipandisha kompyuta hadi karibu na juu kabisa, tukashusha risiva hadi kiwango chake cha kusikilizia, na tukazima njia za maiki na za kuingizia sauti kwenye mipangilio ya kompyuta, ambazo zilikuwa wazi bila sababu. Mchemko ukashuka pamoja na kitufe cha risiva.

Nje, bomba la dishi lilibaki na deni lake. Bomba lililochimbiwa ardhini peke yake, mbali na fimbo ya ethi ya nyumba, ni tatizo hata bila muziki: radi ikipiga karibu, tofauti ya volti kati ya sehemu hizo mbili inakuwa kubwa sana kwa muda mfupi, na njia ya kuisawazisha inapita kwenye king'amuzi. Fundi umeme mwenye leseni alikuja kabla ya masika akaliunganisha bomba na ethi kuu ya nyumba kwa waya mnene wa shaba. Nilipima tena baada ya hapo. Ile volti moja na ushei ilikuwa imeshuka hadi kiasi kidogo sana. Kuna anayeuliza kwa nini tusingefanya hilo tu na kuacha transfoma. Kwa nyumba nyingine lingetosha. Kwa mtu anayesikiliza ganuni usiku, kiasi kidogo kilichobaki bado kingesikika, na mlio wa TV na king'amuzi ungekuwa palepale.

Tulijaribu kila kitu kikiwa kimewashwa: TV, king'amuzi, dishi, kompyuta kwa plagi yake ya pini tatu. Sikio karibu na spika, kulikuwa na mchemko mwepesi tu. Mwalimu akaweka wimbo wa Unguja na kuongeza sauti hadi Bibi akatoka jikoni.

Swali lake la mwisho lilikuwa kuhusu sabwufa, ile spika ya besi yenye kikuza sauti chake. Mwanawe wa Dar alikuwa ameahidi kumletea. Nikamwambia aangalie plagi kabla ya kuangalia ukubwa wa spika. Sabwufa ya pini mbili haitaleta kitu. Ya pini tatu italeta ethi moja kwa moja kwenye kasha la risiva, na kitanzi kipya kitazunguka kutoka soketi ya sabwufa hadi risiva, king'amuzi na dishi, bila kuigusa kompyuta kabisa, kwa hiyo transfoma tuliyofunga haitakiona. Ikija hiyo, tutafunga transfoma ya pili kwenye waya mfupi wa TV, na nayo tutaiweka nyuma ya rafu, mbali na upande wa kulia wa risiva.